Njia za vumbi za Kwale: Zilikatwa ili mali itoke, baiskeli ikazirejesha kwa wenyeji

Ukishavuka kivuko cha Likoni na kushika barabara kuu ya Lunga Lunga, Pwani Kusini inakupita kushoto na kulia bila wewe kuiona. Lami hiyo ya karibu kilomita mia moja hadi mpaka wa Tanzania ni ya matatu, malori na magari ya watalii. Maisha yenyewe ya Kwale yanakwenda pembeni, kwenye njia za vumbi zinazochepuka Ukunda, Mwabungo, Msambweni, Ramisi na Kanana, zikikata mashamba na kuteremka mitoni.

Siku hizi njia hizo zina wapenzi wapya. Mchezo wa kuendesha baiskeli kwenye changarawe umeshika kasi duniani. Mashindano ya Emporia, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, yalianza mwaka wa 2006 na watu wachache tu, na leo, yakiitwa Unbound, huvuta maelfu. Mwaka wa 2022 shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilifanya ubingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo huo nchini Italia. Kenya nayo haikubaki nyuma. Migration Gravel Race ilianza mwaka wa 2021 katika eneo la Maasai Mara, na timu ya Amani ikawafungulia vijana wa Afrika Mashariki mlango wa kupambana na wazungu waliobobea. Mmoja wa nguzo za timu hiyo, Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya Vermont, Marekani.

Anayetoka Diani na baiskeli ya tairi pana kuingia mashamba ya Muhaka au kufuata Mto Ramisi huona uwanda, minazi, miembe na barabara tupu, akadhani amegundua jambo. Lakini hakuna hata moja kati ya njia hizo iliyotengenezwa kwa starehe. Nyingi zilifunguliwa au kupanuliwa na mwenye nguvu wa zama zake ili kitu fulani kitoke Kwale: pembe, watumwa, sukari, madini. Waliozigeuza kuwa mali ya wenyeji ni watu wa baiskeli, na historia yao haijaandikwa kwenye bango lolote barabarani.

Nyayo zilitangulia

Kabla ya gurudumu palikuwa na miguu. Wadigo na Waduruma waliishi ndani ya kaya, makazi yaliyozungukwa na msitu, na kila kaya ilikuwa na njia zake za kuingilia zilizojulikana na kulindwa. Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Watu walipotoka kayani na kutawanyika kulima, njia zilizaana: ya kisimani, ya kondeni, ya bondeni kwenye mpunga, ya pwani kwenye samaki na chumvi.

Njia ndefu zaidi zilikuwa za misafara. Kutoka Vanga na Wasini, wafanyabiashara Waswahili, Wadigo na Wasegeju walipeleka nguo na shanga bara, hadi Usambara na Uchagani, wakarudi na pembe za ndovu na watumwa. Shimoni lingalipo pango ambalo wenyeji huwaonyesha wageni wakieleza kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kupakiwa majahazini. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofunga safari mwezi wa Julai 1848 kwenda kwa Kimweri, mfalme wa Usambara, alipitia Shimba kwa miguu. Hakuwa anafungua njia. Alikuwa anafuata za watu.

Njia ya msafara ilikuwa na umbo moja popote ulipoikuta. Ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja nyuma ya mwenzake, iliyopigwa na nyayo mwaka baada ya mwaka hadi ikawa ngumu na tambarare. Winston Churchill, alipozuru Afrika Mashariki mwaka wa 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni wa Uingereza, aliliona jambo hilo Uganda. Katika kitabu alichotoa mwaka uliofuata alisema kuwa chombo bora cha kusafiria Afrika ya Kati ni baiskeli, kwa kuwa wakati wa kiangazi njia zilizolainishwa na miguu ya wenyeji zinaipokea vyema. Hakuwa akiizungumzia Kwale, lakini hali ilikuwa ile ile. Motokaa ilihitaji barabara mpya, daraja na mafuta. Baiskeli ilipofika ilikuta kila kitu kiko tayari.

Mizinga ya Mwele na majembe ya lazima

Aliyefuata kuzitumia njia hizo alikuja na bunduki. Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipowang'oa watawala wa Mombasa, ukoo wa Wamazrui, mwaka wa 1837, tawi moja lilihamia Takaungu na jingine Gazi. Kutoka Gazi, Mbaruk bin Rashid alijijengea himaya yake, na kila alipobanwa pwani alipanda hadi ngome yake ya Mwele, ndani ya msitu wa vilima vya Shimba. Agosti 1895 Waingereza chini ya Admirali Rawson walimfuata huko huko na kuiteka ngome. Mbaruk aliendelea kuwasumbua hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Msitu wa Mwele leo umo ndani ya Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1968, na anayepita kando yake kwa baiskeli anapita penye vita vilivyoamua nani atakuwa bwana wa Pwani Kusini.

Haikupita miaka ishirini bunduki zikarudi. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka, Wajerumani walitoka Tanga wakapanda na pwani wakitaka Mombasa, na Oktoba 1914 walizuiwa Gazi. Januari 1915 kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwashinda Waingereza Jasin, hatua chache kusini mwa Vanga. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1916, Arthur Wavell, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Waarabu wa Pwani, aliuawa karibu na Mwele. Katika vita hivyo vyote, chakula na risasi vilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Njia ya mpagazi ikageuka kuwa njia ya jeshi, na njia ya jeshi ikachorwa kwenye ramani.

Serikali ya kikoloni ikazipanua. Kodi ya kibanda, iliyoanza mwaka wa 1901, ilimlazimu kila mwenye nyumba kutafuta fedha taslimu. Sheria ya mamlaka ya wenyeji ya mwaka wa 1912 iliwaruhusu machifu na wazee wa vijiji kuwaita watu kufanya kazi za umma, barabara zikiwa za kwanza, bila ujira. Kijiji kilipimiwa kipande chake, na watu wakatoka na majembe na mapanga kufyeka, kujaza mashimo na kuchimba mitaro. Waliotoa jasho lao hawakuwa na gari hata moja kati yao. Barabara ilikuwa ya bwana shauri na ya mwenye shamba kubwa. Wao walirudi kwenye vijia vyao.

Miwa na wageni wa Ramisi

Uwanda wa Msambweni hauelezeki bila sukari. Kiwanda cha Ramisi kilianza mwaka wa 1927, miaka mitano tu baada ya kile cha Miwani karibu na Kisumu, na baadaye kikaingia mikononi mwa familia ya Madhvani, iliyotajirika kwa sukari ya Uganda. Kwa miongo sita Ramisi ulikuwa mji wa kiwanda, ukiamka na kulala kwa zamu zake.

Shamba la miwa lina sheria yake. Muwa uliokatwa haungoji. Siku zikipita sukari yake inapungua, kwa hiyo ni lazima ufike kinuni mapema. Ndiyo maana shamba hugawanywa vitalu, na kati ya kitalu na kitalu huachwa njia pana ya kutosha trekta kugeuka na tela lake. Njia za aina hiyo hunyooka, hazina mlima, na hukatana kwa pembe za mraba mpaka macho yachoke. Kwa mtu wa baiskeli ni neema. Mfanyakazi aliyekaa mbali na kiwanda alizifuata alfajiri kwenda kazini na jioni kurudi, mmea ukiwa umempita kimo pande zote mbili.

Wafanyakazi hao hawakuwa Wadigo peke yao. Walikuwapo Wakamba, ambao wengine walipata ardhi baadaye katika mpango wa makazi wa Shimba Hills ulioanzishwa miaka ya 1950, na walikuwapo Wamakonde kutoka Msumbiji, walioletwa na kazi za mkonge na miwa. Wamakonde waliishi Kwale kwa vizazi bila kitambulisho, na asiye na kitambulisho katika Kenya ni mgeni hata mlangoni pake. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale hadi Ikulu, Nairobi, kudai uraia. Walikubaliwa, na mwanzoni mwa mwaka wa 2017 serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Katika historia yote ya njia za kaunti hii, sidhani kuna safari iliyozaa matunda kuliko hiyo.

Kiwanda cha Ramisi kilisambaratika mwaka wa 1988. Mitambo ikashika kutu, mshahara ukakatika, na watu wakalima mahindi na mihogo palipokuwa na miwa. Njia za vitalu zilibaki, zikitunzwa na wapitao tu. Mwaka wa 2007 serikali ilikodisha sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa kampuni ya Kwale International Sugar, KISCOL, na miwa ikarudi, safari hii ikiwa na mabwawa na mabomba ya umwagiliaji wa matone. Pamoja nayo ikaja migogoro ya ardhi iliyofika mahakamani, kwani waliolima kwa miaka ishirini walikuwa wamejihesabu wenyewe. Uzalishaji wenyewe umekuwa wa kupanda na kushuka. Anayepita leo kati ya Msambweni na Ramisi ataona kwa zamu miwa iliyostawi, magugu, na mahindi ya mwanakijiji, yote kando ya njia zile zile zilizonyooka.

Chuma cheusi

Baiskeli iliyoenea Pwani haikuwa ya mbio. Ilikuwa ya chuma kizito, rangi nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma vya kuvuta na keria imara nyuma. Wakati wa ukoloni aliyekuwa na Raleigh ya Nottingham alijulikana kijiji kizima. Baada ya uhuru zikaja Phoenix na Flying Pigeon kutoka Uchina, kisha Hero na Avon kutoka India. Wakenya wamezipa zote jina moja, Black Mamba.

Mwanzoni ilikuwa chombo cha mwenye mshahara: mwalimu, karani, nyapara wa shamba, mganga wa zahanati. Mkulima aliinunua baada ya misimu kadhaa ya kuweka akiba ya korosho na nazi. Serikali huru nayo iliihesabu kuwa anasa. Hadi katikati ya miaka ya 1980, kodi ya baiskeli Kenya ilikuwa asilimia 80. Kati ya 1986 na 1989 ilishushwa hadi asilimia 20, na mauzo yakaruka. Hapo ndipo familia nyingi za mashambani zilipomiliki chombo cha kwanza cha magurudumu katika maisha yao.

Kwa Kwale, wakati huo ulikuwa wa maana ya pekee, kwa sababu Ramisi ilianguka mwaka wa 1988. Ajira ilipotoweka, baiskeli ndiyo ilikuwa ikiingia. Mtu aliyezoea kupokea mshahara mwisho wa mwezi sasa alilazimika kuuza kitu kila siku, na kitu hicho hakikuwa na njia ya kufika sokoni isipokuwa mgongo wake au keria. Biashara ndogondogo za uwanda ule, kuanzia samaki hadi makaa, zilipata miguu.

Mtazame mchuuzi wa tembo la mnazi. Mgema hupanda mnazi alfajiri na kotama yake, akateremsha kilichochuruzika usiku, na tembo la asubuhi ni tamu. Likifika jioni limekuwa kali, kesho yake ni siki. Kwa hiyo ni mbio. Keria ya mchuuzi imeongezwa vyuma vya kuchomelea pande zote mbili. Dumu mbili za lita ishirini huning'inia kushoto na kulia, ya tatu hulazwa juu, na zote hukazwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kwa kuwa kamba ya kawaida hulegea barabara ikianza kutikisa. Vizibo havikazwi. Tembo linachacha njiani na pumzi yake lazima itoke, ama sivyo dumu itavimba na kupasuka, kwa hiyo mdomoni hupachikwa makumbi ya nazi yanayopitisha hewa na kuzuia povu. Huo ni mzigo wa kilo sitini kwenye baiskeli isiyo na gia. Mwenyewe hakai kitini penye mwinuko. Hushuka, hushika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, na kusukuma. Penye mteremko hufunga breki kwa soli ya kiatu.

Mchuuzi wa samaki naye ana haraka yake. Ngalawa zikiingia Gazi, Msambweni, Shimoni au Vanga, anayefika bara kwanza ndiye anayeuza. Wengine hubeba makuti yaliyofumwa, mzigo mwepesi lakini mpana hadi ukimfuata nyuma humwoni mpandaji. Wengine madafu, makaa, mihogo. Kiangazi kikishika upande wa Kinango na Lunga Lunga, baiskeli hubeba maji. Mpakani, kati ya Lunga Lunga na Horohoro, njia za panya zimewapitisha watu na unga, sukari na mafuta ya kula kwa kufuata bei ilivyo upande huu au ule.

Nyuma ya wote hao yuko fundi, chini ya mwembe au mkorosho penye njia panda. Karakana yake ni karai la maji la kutafutia pancha, mkasi, kipande cha tyubu ya kukatia viraka, gundi, pampu na bisibisi moja. Spoku iliyokatika hubadilishwa hapo hapo, rimu iliyopinda hunyooshwa kwa jicho. Hahitaji umeme wala duka la vipuri la Mombasa, na ndiyo maana mtandao wake umefika mahali ambapo huduma nyingine za serikali zilichelewa kufika.

Pikipiki yaingia

Baiskeli za kubeba abiria kwa malipo zilianzia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na jina la bodaboda likatoka huko. Mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, na ndani ya miaka michache chombo cha Uchina na India chenye injini kikawa kimefika kila kijiji cha Kwale. Mama mjamzito wa Kikoneni sasa angeweza kufikishwa hospitali ya Msambweni kwa muda ambao baiskeli isingeuweza. Hakuna wa kulaumu mabadiliko hayo.

Ila baiskeli ilipoteza heshima yake. Ilianza kuonekana ni ya asiyejiweza, na wapangaji wa barabara wakaisahau kabisa. Greda likipita, husawazisha katikati na kusukuma mchanga laini pembeni, pale pale ambapo mwenye baiskeli hulazimika kupita anapopishwa na lori. Bado wapo wengi ambao hesabu ya petroli imewakataa. Mchuuzi mwenye faida ndogo hawezi kuinywesha pikipiki kila siku akabaki na cha nyumbani.

Udongo, mito na maji kupwa

Kwa anayetaka kuzipita njia hizi mwenyewe, ardhi ya Kwale imepangwa kwa mikanda, na kila mkanda una tabia yake. Ufukweni kuna mchanga mweupe na mwamba wa matumbawe. Mchanga mkavu humeza tairi, lakini maji yakipwa, mchanga ulioloa wa Diani hukazana hadi baiskeli ikapita kwa wepesi. Wauza madafu hulijua hilo na huangalia mwezi kabla ya kuangalia saa. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali na kurudi kwa kasi, na asiyejua ratiba yake anaweza kubanwa kati ya bahari na kuta za hoteli.

Ukivuka lami kuelekea bara unaingia udongo mwekundu wa Magarini. Huu ndio uwanda wa minazi, mikorosho na miwa, na kiangazi ni njia bora kuliko zote. Mvua za masika zikinyesha, kuanzia Aprili, huteleza na kukatwa na mifereji. Juu zaidi ni vilima vya Shimba, vinavyofika karibu mita 450, na huko si tambarare tena. Kuna mawe, msitu, na ndovu wenye haki ya kwanza ya kupita. Kusini, upande wa Lunga Lunga na Vanga, udongo huwa mzito wa mfinyanzi, na ukiloa hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka.

Mito mitatu ndiyo inayoongoza safari. Mkurumudzi hushuka kutoka Shimba na kuishia hori ya Gazi. Ramisi hupita katikati ya nchi ya miwa hadi mikoko ya upande wa Bodo na Funzi. Umba huzaliwa milima ya Usambara nchini Tanzania, ukaingia Kenya na kumwaga maji yake Vanga. Mvua kubwa za Usambara huifurisha Vanga hata siku ambayo mbingu ya Vanga yenyewe ni kavu, na wakulima wa mpunga wa Jego na Kiwegu wanalijua hilo kwa mavuno na kwa hasara. Anayevuka mito hii kwa kujitosa akumbuke kuwa kichocho ni ugonjwa wa muda mrefu wa maeneo haya. Watafiti wa afya wameufuatilia Msambweni tangu miaka ya 1980. Ni afadhali kutafuta daraja.

Penye mwisho wa mto pana mikoko. Gazi, wanakijiji walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja mwaka wa 2013, wakilinda hekta 117 za msitu na kuuza hewa ya kaboni, na fedha zake zimeleta maji na vifaa vya shule. Mwaka wa 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga nao wakafuata na mradi wao. Ni mfano adimu Kwale wa mali inayoleta pesa kwa kubaki pale pale ilipo.

Mchanga mzito

Maana mali iliyofuata baada ya sukari ilichimbwa na kuondoka. Udongo ule mwekundu una madini ya titani, na kampuni ya Base Titanium iliuchimba katika eneo la Maumba na Nguluku, karibu na Msambweni. Shehena ya kwanza iliondoka Februari 2014 kupitia gati la Likoni, ikiwa na ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Familia zilihamishwa, bwawa likajengwa Mkurumudzi, na barabara ya malori ikawekwa kutoka mgodini hadi barabara kuu. Uchimbaji ulikoma mwisho wa mwaka wa 2024 madini yalipokwisha. Imebaki ardhi inayorudishiwa miti na majani, na barabara nzuri kuliko nyingi za jirani.

Swali la barabara za mgodi sasa liko mezani kwa serikali ya kaunti. Zitaachwa zitunzwe na wapitao tu, kama njia za vitalu vya Ramisi baada ya 1988, au zitafanywa njia za umma? Kwale ina watu 866,820 kwa hesabu ya mwaka wa 2019, na wengi wao hawana gari na hawatakuwa nalo karibuni. Tangu ugatuzi wa mwaka wa 2013 kaunti ina uwezo wa kuamua kuhusu barabara za vijijini, na haina sababu ya kungoja Nairobi iamue.

Yanayotakiwa hayana gharama kubwa. Greda lisawazishe barabara hadi ukingoni. Lami ikifika, paachwe ukanda wa baiskeli na waendao kwa miguu, usigeuzwe maegesho. Vivuko vya mito midogo vijengwe kwa upana wa kutosha baiskeli yenye mzigo kupishana na pikipiki. Njia za zamani zinazopita kati ya mashamba makubwa zipimwe na kuandikwa kuwa za umma kabla hazijazibwa kwa seng'enge, kwa sababu njia ikishazibwa, kuirudisha ni kesi ya miaka.

Nao wapenzi wapya wa changarawe, wa Nairobi na wa ng'ambo, wana wajibu wao. Wachukue kijana wa kijiji awaongoze na wamlipe. Wazibe pancha kwa fundi wa mwembeni. Wakifika kayani waombe ruhusa kwa wazee kabla ya kuingia. Na wakikutana na mchuuzi mwenye dumu tatu za tembo kwenye njia nyembamba, wao ndio washuke wampishe. Yeye yuko kazini, na bila watu kama yeye njia hiyo ingeshaota miba.